Mgeni Huyu ni wa Nani?

Mwezi uliopita tulisema juu ya haki za jirani, na tukaahidi kuwa mwezi huu tutasema juu ya haki za mgeni. Maneno yetu tulikuwa tumekwisha yaandika, na lau tungeyapeleka kama yalivyokuwa mngesoma mambo mnayoyajua tangu utotoni: kumpokea mgeni kwa uso mkunjufu, kumwekea chakula bila ya kumwuliza kama ana njaa, na kutomhesabia matonge. Walakin kabla ya kuyapeleka tulipata safari, na tuliporudi tuliyachana karatasi zile tukaanza upya.

Safari ilikuwa ya Nungwi, kijiji kilichoko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Dada yetu ana kijana wake huko, sasa ni mwaka wa tano. Aliondoka hapa Turiani baada ya kibarua cha kukata miwa kumshinda, akenda Dar es Salaam, kisha akavuka bahari. Habari zake zilikuwa zikitufikia kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni fedha, nazo zilikuja kwa simu kila mwezi bila ya kukosa. Namna ya pili ni maneno ya watu, kwamba kijana amekuwa papasi. Kwa wasomaji wa bara wasiolijua neno hili, papasi ni yule mdudu anyonyaye damu, na watu wa Unguja wamewapa jina lake vijana wanaowaganda watalii njiani na ufukweni, wakiwatafutia vyumba, vyombo vya bahari na mengineyo, ili nao wapate kitu katikati. Dada yetu aliposikia hayo usingizi ulimruka. Na kwetu huku chini ya milima ya Nguru, kama ilivyo kwa ndugu zetu Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Basi akatwambia, "Kaka, nenda ukamwone kwa macho yako."

Tuliteremka kwa basi mpaka Morogoro na Dar es Salaam, tukalala, na asubuhi boti ya kasi ikatuvusha kwa muda wa kama saa mbili. Katika njia ya kwenda kaskazini gari lilipofika Mahonda tuliona miwa imesimama kando ya njia, tukajiona kama tulio bado Mtibwa. Kijana kaikimbia miwa, na njia ya kwendea alikokimbilia inapita katikati ya miwa!

Nungwi ni miji miwili iliyopeana migongo. Mmoja ni wa wavuvi na mafundi wa vyombo. Tuliketi katika kivuli cha jahazi ambalo bado kumalizika, tukamtazama fundi akichonga taruma kwa tezo, na kipimo chake ni jicho, hana karatasi wala ramani. Mwenziwe alikuwa akikalafati: anaisokota pamba, anaitia mafuta, anaishindilia kwa nyundo katika nyufa za mbao mpaka maji yasipate pa kupenya. Keekee yao ya kutobolea huzungushwa kwa upote, mkono ukienda na kurudi kama wa mpiga zeze. Sisi watu wa milimani tulitazama mpaka adhana ya Adhuhuri, na fundi mmoja akatuuliza kama tumekuja kununua chombo.

Mji wa pili ni wa mahoteli, nao umesimama baina ya mji wa kwanza na bahari, hata mvuvi hushuka kwenye ngalawa yake kwa kupitia kichochoro cha baina ya kuta mbili. Sababu ya mahoteli kujazana pale ni jambo dogo. Katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa hutoka mbali mno, na atakaye kuogelea hana budi angoje yajae. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, mtu huogelea saa yoyote aitakayo. Zamani Zanzibar ilitegemea karafuu. Bei ya karafuu ilipoanguka, Serikali ikafungua mlango kwa wenye mitaji kutoka nje kwa sheria ya mwaka 1986, na tangu hapo utalii umekuwa ukipanda. Mwaka 2024 wageni walioingia Zanzibar walikuwa 736,755, ilhali wenyeji wote wa Unguja na Pemba, kwa sensa ya 2022, ni 1,889,773. Yaani kwa kila wenyeji watano, kwa mwaka mmoja hupita wageni wawili. Hapana nyumba yoyote duniani inayopokea wageni kwa kiasi hicho ikabaki na desturi zake zile zile.

Kuhusu mavazi tutasema machache, kwa kuwa wengine wamekwisha sema mengi. Viko vibao vinavyowaomba wageni wajisitiri wapitapo kijijini. Wengine hutii, wengine hupita kama hawakuviona. Mzee mmoja tuliyeswali naye alitwambia kwamba yeye ameacha kugombana na wageni, sasa hugombana na vijana wa kijiji wanaotembea nao, kwa sababu wao wanajua kilichoandikwa na hawamwambii mgeni, wakichelea asikasirike akawanyima kazi. Neno hili la mzee tuliliweka moyoni, na baadaye lilitufaa. Kendwa, jirani na hapo, mwezi unapokuwa mpevu hupigwa ngoma ya ufukweni mpaka alfajiri, nao watu hutoka mbali kuifuata. Ni siku zile zile za mwezi 13, 14 na 15 ambazo baadhi ya wazee hufunga sunna. Mwezi ni mmoja, unawaangaza wote.

Mpwa wetu alitupokea vizuri, haya tuyaseme kwa haki. "Shikamoo, mjomba," na mzigo akautwaa mkononi mwetu kabla hatujamwitikia. Alikuwa amenenepa kidogo, na Kiingereza chake kilitoka kama maji, na Kitaliano pia, ambacho hakuna mwalimu aliyemfundisha. Alitupangia chumba katika nyumba ndogo ya wageni ndani ya kijiji. Katika chumba cha pili, baraza moja nasi, alikuwamo kijana wa Kijerumani wa miaka 23, aliyekuja na shanta mgongoni pana kuliko kifua chake. Alikuwa ametoka Afrika Kusini kwa mabasi, akapita Zambia na Mbeya, na Morogoro aliipita usiku akiwa amelala, bila ya kujua kuwa amewapita jirani zake wa baadaye.

Wasafiri wa namna hii si wapya duniani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Ulaya walikuwa wakienda India kwa nchi kavu, wakipita Uturuki, Iran na Afghanistan, mpaka kwenye fukwe za Goa, hata mwaka 1979 mapinduzi ya Iran na vita vya Afghanistan vikaifunga njia hiyo. Wengine katika miaka ile ya 1970 walifika Lamu, wakakaa miezi katika vyumba vya bei ndogo. Watu wa miji hiyo waliwacheka kwa nywele zao na umaskini wao, lakini mwenye shanta ndiye hutangulia, na hoteli humfuata nyuma. Fukwe za Goa leo zimejaa mahoteli na kelele za usiku. Nungwi nayo ilikuwa hivyo hivyo: katika miaka ya 1990 vilikuwapo vibanda vya kuwalaza wenye shanta, kisha ndiyo yakaja majumba.

Kijana yule alikuwa na daftari dogo. Kila jioni aliketi barazani akaandika alichotumia siku ile, hata maji ya kunywa. Tulipomwuliza kwa ulimi wa mwenye nyumba, alitufunulia ukurasa wa kwanza wa Zanzibar, na jambo la kwanza lilikuwa bima ya dola 44, ambayo kila mgeni wa kutoka nje alianza kutakiwa kuilipa tangu Oktoba 1, 2024. Watu hudhani kila Mzungu ni mfuko usio na mwisho. Huyu alikuwa amefanya kazi ya kubeba mizigo ghalani miezi minane ili asafiri miezi minne. Usiku wa kwanza na wa pili alikula nasi: ugali, samaki wa kukaanga na mchuzi wa nazi, akala kwa mkono kama sisi, vibaya lakini kwa furaha. Aliuliza kwa nini tunanawa kabla na baada. Aliuliza na juu ya adhana ya Alfajiri, si kwa kulalamika, bali alitaka kujua maneno yake.

Siku ya tatu alikwenda baharini kwenye kisiwa cha Mnemba, ambako watu huzamia kuona samaki na matumbawe, akarudi amebabuka mabega kwa jua na ameshiba furaha. Jioni, kwa bahati yake mbaya, alikaa na msafiri mwingine aliyekwenda katika chombo kile kile. Wakalinganisha. Yeye alitoa dola 70, na yule alitoa 35. Hakupiga kelele. Alicheka kidogo, akalifunga daftari, na usiku ule hakuja kula. Tulipotuma aitwe alijibu kwamba ameshiba. Mwenye nyumba alitutafsiria maneno aliyoyasema: kwamba katika safari yake yote, walioanza kwa kumwita rafiki ndio waliomgharimu zaidi. Tukamwuliza mwenye nyumba ni nani aliyempeleka kwenye chombo. Akainama akatazama viatu vyake, tukajua.

Hapa tuwakumbushe wasomaji, khasa vijana, habari moja ya pwani yetu wenyewe. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa na miaka 21, na mwaka 1331 alifika huku kwetu, Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Ameeleza kwamba merikebu ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji waliiendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja amechukua sahani iliyofunikwa yenye chakula, akamkabidhi mmoja wa wafanya biashara na kutamka kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakukaa illa nyumbani kwa mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Na mtu yeyote aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia kitu mwenyeji wake asiwepo, biashara hiyo kwa watu wa mji haikuwa biashara. Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanya biashara, basi akachukuliwa na kadhi, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, wakaletewa chakula mara tatu kwa siku kwa siku tatu.

Tazameni jambo lenyewe. Kijana anakwenda mbio ufukweni, anamwahi mgeni kabla ya mwenziwe, anamwita wake. Mpaka hapa huyo ni papasi mtupu! Tofauti yao ni katika lile neno "wangu". Kijana wa sahani alipolitamka alijifunga nalo, na mji mzima ukamshika kwalo: mgeni akidhulumiwa, dhuluma ni yake. Wa leo hulitamka neno lile lile na halimfungi kwa lolote. Na si kijana peke yake. Tulimwona mama mmoja akiwapaka wageni piko ufukweni, ile hina nyeusi iliyotiwa dawa ya kubadilisha rangi ya nywele. Ngozi nyingine huistahimili, na nyingine hufura malengelenge yenye kuacha alama. Mama yule asingempaka binti yake siku ya harusi kitu kile bila ya kukijaribu kwanza. Mgeni alimpaka, kwa sababu kesho hayupo.

Qur'ani imemtaja msafiri miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka, katika Sura ya Tawba, aya ya 60, naye anaweza kuwa tajiri kwao. Maadam yuko njiani na ameishiwa, ana haki. Walimu wetu walitufundisha kuwa sababu yake ni udhaifu wake: hajui bei, hajui njia, hana wa kumtetea. Sasa mpwa wetu alikuwa akiila riziki yake kutoka katika udhaifu huo huo.

Tulimwita usiku ule baada ya Isha. Hatukumpigia kelele. Tulimwuliza dola 70 zimegawanyika vipi. Akahesabu kwa vidole: 35 ni za nahodha, tano alimpa mlinzi wa ufukweni, tatu alimpa kijana aliyebeba miwani ya kuzamia, zilizobaki ni zake. Kisha akasema, kwa adabu lakini bila ya kutetemeka, "Mjomba, mimi sina mshahara. Wakati wa mvua kubwa hakuna wageni, na chumba nakilipia. Na hizo ninazotuma nyumbani, hakuna aliyewahi kuuliza zimetoka wapi. Hata mikeka ya madrasa, mjomba, uliipokea, ukaniombea dua."

Ni kweli tuliipokea. Mikeka mipya sita, iliyoletwa Turiani juu ya basi mwaka jana, nasi tukasimama mbele ya watoto tukalitaja jina lake wamwitikie amina. Kwa muda tulikaa kimya. Mwalimu aliyezoea kuuliza maswali huona taabu akiulizwa.

Tukamweleza habari ya vijana wa Mogadishu. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo wa sahani, yeye alikuwa akila nini?" Tukamjibu kwamba mtu yule alikuwa kama dalali, na dalali ana ujira wake wa halali ukiwa wazi kwa pande zote. Hatumkatazi ujira. Amwambie mgeni: chombo ni 35, nami nakutaka tano kwa kazi yangu. Akacheka. "Mjomba, nikisema hivyo, mwingine atasimama nyuma yangu atasema 30, na wakishafika katikati ya bahari atamtoza kumi za miwani. Mgeni atamfuata yule, na atamwona ndiye mwema." Kwa hili hatukuwa na jawabu, na mpaka leo hatunalo. Kama yuko msomaji wetu wa pwani anayelijua, na atuandikie. Tulimwambia tu kwamba yule kijana alikula nasi sahani moja siku mbili, na leo hakula.

Asubuhi tulitoka msikitini tukamkuta amesimama mlangoni kwa Mjerumani, amevaa kanzu. Alimpa dola 20. Saba, alisema, amekwisha zitumia, na atazileta. Mgeni alizitazama zile noti kama mtu aliyepewa kitu si chake, akauliza sababu. Mpwa wetu akajibu kwa Kiingereza maneno machache, na mwenye nyumba aliangua kicheko. Tukauliza amesema nini. "Amesema: mjomba wangu kaja." Mgeni akatutazama kwa hofu kidogo, nadhani alidhani sisi ni polisi. Kisha akavuta kigoda, akala nasi mihogo.

Aliondoka siku iliyofuata, nasi pia, katika gari moja. Mpwa wetu aliibeba shanta mpaka kituoni, na alisimama dirishani akimwangalia utingo mpaka alipomtoza mgeni nauli ile ile aliyotutoza sisi. Utingo alimtukana kidogo, kwa utani au kwa kweli, hatukujua. Bandarini kijana wa Kijerumani alituaga kwa mikono miwili, kama alivyotuona tukiagana na wazee.

Dada yetu alikuwa akitungoja tuliposhuka kwenye basi, na neno lake la kwanza lilikuwa kama mtoto amekonda. Tukamwambia hakukonda. Tukamweleza na mengine nusu nusu, kwani mama haelezwi yote kituoni. Mikeka hatujaiondoa madrasa. Watoto huikalia kila alasiri, na tunapoingia twaikanyaga kwa uangalifu kuliko tulivyokuwa tukifanya.

Mwezi huu fedha zilifika, lakini hazikufika nusu ya zile za kila mwezi. Dada alikuja nyumbani na simu mkononi, akatuonyesha, akauliza kama tunaijua sababu. Tukamwambia tunaijua, tukamwomba aketi.